Mafiga ya Mghoi

Paukwa!

Pakawa!

Saru, msogelee Mwaluma aliyempakata mdogo wenu, na mikono mbali na moto.

Hapo zamani za kale, huku huku milimani kwetu, binti mmoja, Mghoi, alijifungua mtoto wake wa kwanza. Desturi mnaijua: aliyejifungua hupata meko yake, na mafiga matatu huyatafuta mwenyewe. Mama mkwe alimwagiza ayatoe juu mlimani, kwenye mawe makavu. Lakini mlima ni mrefu, mtoto yuko mgongoni, na chemchemi iko pale chini, mawe yake mazuri, ya mviringo. Basi akaenda chemchemini.

Akashika jiwe la kwanza. Jiwe likasema, "Mama, niache. Mimi sina roho, lakini nimeshika wenye roho."

"Jiwe ni jiwe tu," akasema Mghoi, akaling'oa. Udongo uliokuwa nyuma yake ukaporomoka, maji yakawa tope. Akayachuja kwa kanga, wakanywa.

Kesho yake akashika la pili. Nalo likasema, "Mama, niache. Mimi sina roho, lakini nimeshika wenye roho." Mghoi alisemaje, wanangu?

"Jiwe ni jiwe tu!"

Eeh. Chini yake walikaa vyura, wale wanaokula mbu. Jua likawachoma, wakahama, mbu wakabaki na dimbwi lao, wakazaana, wakazaana, na mtoto akaanza kuchemka mwili.

"Si angeacha, mama?"

Angeacha, Mwaluma. Lakini mafiga mawili hayashiki chungu, na alitaka kumchemshia mwanawe dawa. Akaenda akashika la tatu. Likasema yale yale, naye akasema yale yale. Hilo ndilo lililobana mzizi wa mkuyu uliosimama juu ya chemchemi. Mvua ikaja, mkuyu ukalala, udongo ukaziba jicho la chemchemi, maji yakakoma.

Mghoi akapanga mafiga, akawasha moto. Mawe yaliyokunywa maji tangu yaumbwe hayajui moto, yakapasuka yote matatu, chungu kikamwagika, na ndani yake yalikuwa maji ya mwisho.

Akakusanya vipande kwenye kanga, akakimbia kuvirudisha. Chemchemi ikamwambia kwa sauti ndogo, "Ulichukua mawe, umeleta kokoto. Kokoto hazishiki mtu."

Basi akafunga mtoto mgongoni akashuka kuutafuta mto wa bondeni, mbali, jua kali, mtoto analia, yeye anambembeleza, anatembea, mtoto analia, anatembea. Kabla hajaufikia mto, mgongo ukanyamaza.

"Alilala?"

Alilala, Saru. Mghoi aliteka maji, akakaa nayo kiganjani mpaka yakavuja yote.

Kwa hiyo wanangu, nawaomba, mkienda kuteka msing'oe kitu kule kwa sababu hakipumui. Kisichopumua ndicho kinachotushikia pumzi. Haya mafiga yetu baba yenu alinibebea kutoka juu mlimani, siku nzima, nami nilimwuliza mara tatu kama hakuyatoa chemchemini.

Hadithi yangu imekomea pale maji yalipokomea. Mwaluma, nipe huyo mdogo nimshike.