Mafundo Saba ya Bi Rubaba

Wametusimulia masheikh zetu, nao walisimuliwa na waliowatangulia, kwamba zamani katika mji wa Sanaa, huko Yemen, aliishi mjane mchamungu, Bi Rubaba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kutunga vidani vya shanga za vito vya akiki, na kwa kazi hiyo alijilisha yeye na mamake aliyekuwa kizee hoi. Watu walimsifu kwa jambo moja: kila ushanga na fundo lake. Uzi ukikatika, utaanguka ushanga mmoja tu. Mafundo yenyewe ni madogo, yamebanwa katikati ya shanga, na mnunuzi hayaoni.

Sasa macho ya Bi Rubaba yakaanza kufifia. Hakumwambia mtu. Nani angempelekea kazi fundi asiyeona tundu la sindano? Akawa anatunga kwa kupapasa, na roho haimtulii.

Bi Atika, mke wa mtu mkubwa pale mjini, alimletea akiki nyekundu za kidani cha harusi ya bintiye. Siku ya kukichukua akakiinua kwenye mwanga.

"Mashaallah, mikono yako ibarikiwe. Wenzangu watatu wanaoza mabinti zao mwaka huu, wote nitawaleta kwako."

Bi Rubaba akakipokea akifunge kitambaani. Vidole vyake vikapita juu ya shanga, vikasita. Mahali pamoja, shanga saba hazikuwa na fundo.

Shetani naye hakosi maneno. Nyamaza, akamwambia, nani atajua? Na mamako kesho atakula nini?

Kweli alinyamaza, tusimpambe. Kisha akasema, "Bi mkubwa, kidani hiki kina kasoro. Nimeruka mafundo saba. Macho yangu hayaoni vizuri, nami nilikuficha. Chukua akiki zako, umpe fundi anayeona."

Bi Atika akakigeuza kidani huku na huku, akakisogeza karibu na uso. Hakuona kitu.

"Mimi macho yangu mazima, na kasoro siioni," akasema taratibu. "Wewe umeiona kwa vidole, na ukaisema. Basi nimpe nani mwingine? Kifumue ukitunge upya. Harusi tutaisogeza mbele."

Wale wenzake watatu wakaja, na Bi Atika hakuwaficha sababu ya kumchagua fundi asiyeona vizuri. Inasemekana Bi Rubaba alikuja kupofuka kabisa, na kazi haikumpungukia hata siku moja.

Ndugu zangu, sisi tukipiga pasi kanzu tunahangaika na upande wa nje tu, wa ndani tunauacha na makunyanzi yake. Bi Rubaba alimwogopa Yule anayeona katikati ya ushanga na ushanga. Mola atujaalie ulimi wa kusema "nimekosea" kabla hatujaulizwa.