Fisi Aliyemeza Kura Zake

Paukwa!
— Pakawa!
Kibuyu hiki?
— Kitikise!
Kikitikiswa?
— Kitasema!
Basi aliye mbali asogee, anayetafuna ameze, nikitikise.

Hapo kale, katika nchi ya mawe na miiba, palikuwa na chemchemi moja. Moja tu! Wanyama wote walikunywa hapo, na kila mwaka mvua zilipokata walimchagua mmoja wao awe mlinzi wa maji. Kila mnyama alikuwa na kokoto moja. Ndovu kokoto moja, panya kokoto moja. Anakuja, anasimama mbele ya vibuyu vya wagombea, anatia kokoto yake, ko! Anakwenda zake.

Vibuyu hivyo viliwekwa kwenye mlango wa pango. Ndani ya pango hilo wanyama waliomba mvua, waliwaombea wagonjwa, na wakila kiapo walikila humo. Ndiyo maana vibuyu havikuwa na askari. Asubuhi wanapiga kura, jua likipanda wote wanakwenda kulala vivulini, alasiri wanarudi kuhesabu. Nani angeiba mbele ya pango? Halikuwahi kumpitia mtu akilini.

Mtunza pango alikuwa Bibi Kanga, ndege mzee mwenye madoadoa, shingo imebaki ngozi tupu. Kila kukicha alifagia mlango kwa bawa lake, fya, fya, fya. Juu yake, katika nyufa za mwamba, aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kadogo, hakana mkia, hakana pembe, hakana kucha za maana. Kana akili tu. Pimbi alifiwa na wazazi akiwa mchanga, na Bibi Kanga ndiye aliyemlea, akamfundisha kuomba, akamwoza mke.

Sasa, mwaka huo mlinzi wa maji alikuwa Fisi. Alipochaguliwa aliahidi maji kwa wote, na maji yalikuwepo kweli. Lakini wanyama wadogo walioteremka kunywa, wengine hawakurudi. Alishuka sungura, hakurudi. Alishuka kanu, hakurudi. Wakimuuliza Fisi, anafuta mdomo, anasema, "Labda wamehama." Mwezi wa nne alishuka mke wa Pimbi. Pimbi alimngoja mpaka jua likawa jekundu. Kesho yake aliokota manyoya machache kando ya maji, akayaleta nyumbani, akayafunika kwa jani.

Uchaguzi ukakaribia. Aliyejitokeza kushindana na Fisi alikuwa Mama Nungunungu, mwenye mwendo wa pole na maneno machache. "Nikipata," alisema, "tutakunywa kwa zamu, wadogo kwanza." Wanyama wakatikisa vichwa, vizuri, vizuri.

Fisi akaona mambo yanamwendea upande. Akafanya nini? Akajipaka majivu meupe kwenye paji la uso. Akavaa shingoni shada la mbegu. Akaanza kutembea polepole, macho chini, kama aliyefiwa. Kisha akapanda juu ya kichuguu, akalia, "Uuuu-wi! Nimeoteshwa! Sauti ya pangoni imeniita! Imesema Fisi ndiye. Atakayetia kokoto kibuyu kingine, mtoto wake atazaliwa hana macho!"

Wanyama wakaingiwa na baridi. Swala mjamzito akajishika tumbo. Wakakimbilia kwa Bibi Kanga. "Bibi, ni kweli?"

"Si kweli," alisema Bibi Kanga. "Mimi nimezeekea humu. Humu sisi ndio tunaosema, Mungu anasikiliza. Sijapata kusikia akimtaja mgombea."

Walimsikia. Lakini hofu haina masikio. Waliondoka wakinong'ona, na kila mwenye mimba alitembea kando ya mwenzake.

Pimbi akabaki. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, wewe wanakuamini. Sema neno moja tu. Sema Mungu anamtaka Mama Nungunungu. Yaishe."

"Hajaniambia."

"Naye Fisi hajaambiwa! Bibi, huyu amemla mke wangu."

Bibi Kanga akamsogelea. Alimpenda marehemu kama binti yake. "Najua, mwanangu," alisema. "Ningekuwa na meno ningemng'ata. Nitakwenda nyumba kwa nyumba niwaambie anadanganya, na kokoto yangu naijua pa kuitia. Lakini nikilisema hilo neno leo kwa ajili ya mwema, kesho litasemwa na nani, kwa ajili ya nani?"

Pimbi akapanda mwambani kwake. Moyoni alisema, bibi yangu amezeeka.

Siku ya kura ikafika. Bibi Kanga alikuwa amekwenda nyumba kwa nyumba mpaka miguu ikavimba. Wanyama wakapanga foleni. Pimbi alikaa juu mwambani akisikiliza. Ko! kwa Fisi. Ko! kwa Fisi. Ko! kwa Fisi. Swala akaja, akakitazama kibuyu cha Mama Nungunungu, akajishika tumbo, akafumba macho. Ko! kwa Fisi. Mmoja mmoja, wenye watoto waliopotea na wenye wake waliopotea, ko, ko, ko. Kibuyu cha Fisi kikajaa mpaka shingoni. Cha Mama Nungunungu kilikuwa na kokoto saba.

Jua likapanda, wote wakaenda kulala. Pangoni pakawa kimya. Mara, cha, cha, cha, nani huyo? Fisi! Alikuja kukitazama kibuyu chake. Akakinusa. Akakikumbatia. Akacheka peke yake, "Hi-hi-hi!"

Pimbi akajipenyeza kwenye ufa unaoshuka mpaka ndani ya pango. Akavuta pumzi, akaifanya sauti yake kuwa nzito, mwamba ukaizidisha.

"FISIII!"

Fisi akaruka. "N-nani?"

"NI MIMI NILIYEKUOTESHA."

Fisi akatetemeka mpaka shada likakatika, mbegu zikatapakaa. "Lakini... lakini mimi nilikuwa nawadanganya!"

"ULIDHANI UNADANGANYA. NI MIMI NILIYEKUTIA MANENO HAYO KINYWANI. WEWE NDIWE NILIYEKUCHAGUA."

Mnaona? Fisi akaanguka kifudifudi. Maisha yake yote hakuwahi kuamini kitu ila mfupa. Siku hiyo machozi yalimtoka. "Mimi, Bwana? Mimi ninayenuka?"

"WEWE. NA KWA MTEULE WANGU KOKOTO HIZI SI KOKOTO. NI MAFUTA YA MKIA WA KONDOO. MEZA."

Fisi akameza. Gudu! Akangoja. "Bwana, bado ni jiwe."

"IMANI YAKO HABA. MEZA."

Gudu! "Bwana, bado ni jiwe."

"IMANI YAKO HABA. MEZA."

Gudu! Gudu! Gudu! Akameza ya Swala, akameza ya Ngiri, akameza ya Tumbili. Akameza mpaka kibuyu kikawa kitupu na tumbo likagusa chini. Alipoondoka alisikika, karakacha, karakacha, karakacha.

Pimbi akatoka kwenye ufa, anacheka, anafuta vumbi. Akageuka. Bibi Kanga alikuwa amekaa ndani kabisa ya pango, gizani, alikokuwa akiomba tangu asubuhi. Alisikia yote.

Walitazamana. "Bibi..." alisema Pimbi. Bibi Kanga akainuka, akachechemea kuelekea mlangoni, akampita.

Alasiri wanyama wakakusanyika. Kibuyu cha Fisi kikapinduliwa. Kimya! Hata kokoto moja. Kibuyu cha Mama Nungunungu kikapinduliwa. Ko, ko, ko, ko, ko, ko, ko. Saba.

Wanyama wakatazamana. Kila mmoja alijua alikotia yake, na hakuna aliyethubutu kusema. Kisha Tumbili akapiga kelele, "Muujiza! Mungu amezitoa kura zetu!" Wote wakapokea, "Muujiza! Muujiza!" Fisi alikuwa nyuma, amejikunja, jasho linamtoka, anashika tumbo.

"Bibi, ni muujiza?" wakauliza.

Bibi Kanga akamtazama Pimbi. Alimtazama muda mrefu, kama anayemngoja mtoto atoke ndani. Pimbi akainama, akachora chini kwa kidole.

"Mimi sijaona muujiza," Bibi Kanga alisema. "Nimeona kibuyu kitupu. Ulizeni kura zenu ziko wapi."

Lakini walikwisha kuanza ngoma, hakuna aliyemsikia.

Ngoma ikiwa inaendelea alimwendea Pimbi. "Waambie wewe mwenyewe. Wapige upya."

"Wakipiga upya, Bibi, watamchagua tena."

"Huenda."

"Atakula watoto wao!"

"Huenda. Nami nitakwenda tena nyumba kwa nyumba. Pimbi, nimekaa mlango huu nikiwaambia hapa ni mahali pa kweli. Nitawaambia nini sasa?"

Pimbi akalia. Lakini hakuwaambia. Bibi Kanga naye hakumtaja. Alimngoja kwa siku saba, kila asubuhi akifagia, akitazama juu mwambani. Siku ya nane hakufagia. Alikuwa amehamia ng'ambo ya korongo.

Na Fisi? Siku ya tatu baada ya kura Pimbi alimkuta njiani, amelala ubavu, ulimi umekauka. Fisi akafungua jicho moja. "Pimbi," alisema, "wewe unajua kuomba. Niombee imani yangu iongezeke. Bado ni mawe." Pimbi alimkumbuka mke wake. Alitaka kucheka, alitaka kumwambia. Akamletea maji kwenye jani. Fisi hakuweza kuyameza. Alikufa pale, masikio yameelekea pangoni, anasikiliza. Pimbi alikuwa ameiota siku hiyo kwa miezi, na ilipofika hakuweza hata kula chakula chake cha jioni.

Haya, mwaka huo ulikuwa mzuri, nisiwafiche. Mama Nungunungu aligawa maji kwa zamu, wadogo kwanza. Aliyeshuka alirudi. Swala alijifungua, mtoto ana macho mawili makubwa. Pimbi aliyatazama macho hayo akajiambia, nilifanya vyema. Alijiambia hivyo kila siku.

Uchaguzi ukarudi. Ngiri akatangaza kwamba ameoteshwa. Tumbili akatangaza kwamba ameoteshwa. Kunguru akaingia pangoni, na sauti nzito ikasikika ikimtaja Kunguru. Bata akaingia, ikasikika sauti nzito ikimtaja Bata. Kura zikapigwa, zikapotea. Wakaweka askari wa vibuyu. Kura zikapotea. Wakaweka askari wa kuwalinda askari. Anayelia kwamba ameibiwa anajibiwa, "Muujiza huo!" na watu wanacheka. Ngiri ndiye aliyechukua chemchemi, nayo hairudi kwa kokoto tena, maana hakuna anayejisumbua kuokota kokoto.

Pimbi akaenda pangoni, akasimama mbele ya wote. "Sikilizeni! Mwaka ule haukuwa muujiza. Ilikuwa mimi, nilijificha ufani."

Tumbili akacheka mpaka akaanguka. "Ewe Pimbi! Wewe nawe unataka kugombea?"

Hakuna aliyemwamini.

Kiangazi kikali kilipoingia, habari ikaja kwamba Bibi Kanga amefariki. Pimbi akavuka korongo siku nzima, miguu yake mifupi inaungua. Alimkuta amekwisha kulazwa. Wanyama wengi walikuja, maana wengi aliwaombea watoto wao homa ikatoka. Wajukuu zake wakamsogelea Pimbi. "Baba mdogo, yeye ndiye aliyekulea. Muombee."

Pimbi akasimama kichwani pa kaburi. Hakuifanya sauti yake kuwa nzito. Aliomba kwa sauti yake ndogo, ile ile aliyofundishwa. "Ewe Mola, mpokee mama huyu, hakukusingizia neno." Akaomba kwa moyo wake wote, kwa mara ya kwanza tangu mke wake apotee. Akamaliza. Akangoja waitikie amina.

Hakuna aliyeitikia. Alipofumbua macho aliwaona wote wameinua vichwa, wanatazama juu kwenye mawe, huku na huku, wanamtafuta aliyejificha.

Hadithi naitua hapo. Mwenye bega aibebe, mwenye shimo aifukie.

Na funzo lake? Mnataka funzo, watoto wa watu hamlali bila funzo. Basi funzo ni hili: uongo wa mtu mwema haumdhuru mtu. Tena kokoto ikimezwa kwa imani hugeuka mafuta. Asiyesadiki na aende akamuulize Fisi.