Hema Pana, Mama Garini

"Hema pana, mama garini." Mmenisikia nikiyasema maneno hayo mchana, mezani kwa Zefania, mkatazamana kana kwamba bibi yenu amekosa adabu mbele ya pilau ya watu. Sikukosa adabu. Zefania alikuwa akituzungusha katika nyumba yake mpya, hiki chumba cha wageni, na hiki cha wageni wakizidi, na mimi nilikuwa nimeshamwona baba yake akitoka stoo ya mahindi akijikung'uta pumba. Njia nzima mmeniuliza methali hiyo nimeiokota wapi. Basi kaeni, nivue viatu niwaeleze. Sikuiokota. Ilisemwa na mama mkwe wangu, mimi nikiwa nimesimama karibu naye, na ilitokana na hema la kweli na gari la kweli.

Nyinyi mmekulia mjini, makambi mnayajua kwa kusikia tu. Sisi Wasabato wa Upareni, kila mwaka baada ya mavuno, tulikuwa tunafunga nyumba zetu, tunapakia magodoro, masufuria na watoto, tunashuka hadi kwenye kiwanja chini ya mlima na kukaa huko juma zima tukisali. Kila familia na hema lake. Asubuhi kengele ikilia, kabla ya watu kwenda kwenye ibada kubwa, kila hema lilifanya ibada yake ndogo, na aliyeiongoza alikuwa mkubwa wa hema hilo. Ukipita katikati ya mahema saa hiyo ulisikia sauti za wazee, huyu anasoma, yule anaomba, na bila kuuliza ulijua nani ni mzazi wa nani.

Jirani yetu kiwanjani alikuwa mjane mmoja aliyeitwa Nakijwa, mama yake Niwaeli. Hema lao lilikuwa la magunia, alilishona marehemu mumewe, na chini walitandika mkeka mmoja wakalala wote, bibi, watoto na wajukuu. Lilikuwa dogo hata akigeuka mmoja sharti wageuke wote. Nakijwa alilipenda. Alisema usingizi wa makambi ni mtamu kwa sababu anasikia pumzi za watu wake wote mahali pamoja. Sikumjua na tamaa nyingine zaidi ya hiyo, kulala katikati ya wanawe juma moja la mwaka, na asubuhi kuwaongoza katika sala.

Mwaka mmoja ukaja ule upepo wetu wa vumbi, hema likaanguka mchana kweupe Nakijwa akiwa ndani anatafuta miwani yake. Mgongo wake ulikuwa umeshapinda, hata kuingia hemani aliingia kwa magoti, na sasa akatolewa chini ya magunia kwa magoti vilevile. Watu walicheka. Yeye mwenyewe alicheka hadi akafuta machozi. Niwaeli hakucheka. Alikuwa mkandarasi huko Arusha, ana gari, ana jina, na kicheko kile kilimwingia. Akasema mbele yetu sote, "Mama, mwakani utaingia hemani umesimama."

Na alitimiza, siwezi kumnyima haki yake. Alizunguka Arusha nzima akitafuta hema kwa wale wanaouza vifaa vya kampuni za watalii. Hakununua kwa macho. Alivuta mishono kwa mikono miwili. Alimwagia paa maji akaingia ndani kungoja tone. Alitaka nguzo za chuma, maana zile nyembamba za kukunja aliziona zinavyolegea mtu akiziegemea. Alitaka sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta ili maji yasipite chini. Akalala chali humo, akanyoosha mikono, akahesabu magodoro. Mwisho akasimama mlangoni, akaweka kiganja juu ya utosi wake kupima kama mtu wa kimo cha mama yake ataingia bila kuinama, na ataingia hata akiwa ameshika mkongojo. Alichagua kwa upendo. Nataka mlikumbuke hilo, kwa sababu ndilo linaloniuma.

Lilipofika kiwanjani, ndani ya lile gari lake la Noah, watu waliacha kupika makande yao wakaja kulitazama likisimamishwa. Lilikuwa na vyumba viwili na pazia katikati, madirisha ya wavu, na paa la pili juu ya paa. Nakijwa alishikwa mkono na mwanawe akaingia ndani amesimama. Akagusa ukuta wa turubai, akauliza, "Na mimi nalala wapi?" Niwaeli akamwonyesha chumba cha ndani, godoro zuri, blanketi jipya. Asubuhi yake tulimsikia akiongoza ibada, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba.

Siku iliyofuata wazee wa kanisa walikuja. Mhubiri mgeni alikuwa amewekwa kwenye hema la kanisa, na hema hilo lilikuwa limechanika paa. Wakamuuliza Niwaeli kama anaweza kumpokea mtumishi wa Mungu, kwa kuwa hema lake ndilo imara kuliko yote. Niulizeni mimi kama Mpare atakataa jambo hilo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Niwaeli alifurahi kweli, akampa mhubiri chumba cha ndani, na mama yake akahamia chumba cha mbele pamoja na wajukuu. "Kwa leo tu, mama," akamwambia.

Kisha akaja mwalimu wa kwaya ya mjini na kinanda chao na maspika yao, wanaogopa umande. Vyombo vikaingia chumba cha mbele. Watoto wakatawanywa kwenye mahema ya binamu zao. Kisha akaja mtu mkubwa aliyempa Niwaeli kazi ya kujenga, amekuja na mkewe kutazama makambi, nao wakalazwa humo, na kila aliyekuja alilisifu hema, na kila alivyolisifu Niwaeli alieleza upya jinsi alivyovuta mishono. Anande, mke wa Niwaeli, alibaki kwenye kipembe karibu na mlango, na kando yake palibaki nafasi ya mtu mmoja. Ikawekwa mizigo ya wageni. Nakijwa akaambiwa garini ni pazuri, viti laini, hakuna upepo. Kwa leo tu. Kesho yake ikawa kwa leo tu, na keshokutwa pia.

Mama mkwe wangu, Rispa, ndiye aliyemkuta. Tulikuwa tunakwenda kuchota maji baada ya kengele, na Nakijwa alikuwa anateremka kwenye Noah, mguu mmoja chini, mguu mwingine umekataa kufuata. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu havikuingia. Rispa akamshika chini ya kwapa, akamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Mama Niwaeli, unalala humo?"

"Nalinda vitu."

"Vitu gani? Vitu vyote viko hemani."

Nakijwa alikuwa akijifunga kanga kiunoni, na vidole havikumtii.

"Njoo kwetu," Rispa akasema. "Hema letu ni la viraka lakini tukibanana tunatosha."

"Najua mtatosha. Ila nikitoka garini nikaja kwako na godoro kichwani, watu wote watajua. Sasa hivi wanadhani nimependa mwenyewe. Mwache mwanangu asifiwe, Rispa. Alihangaika sana kulitafuta."

"Na ibada ya asubuhi hemani anaongoza nani?"

"Mhubiri. Anaongoza vizuri. Nimefungua kioo kidogo, nasikia."

Rispa aliweka ndoo yake chini akaenda moja kwa moja hadi kwa Niwaeli, aliyekuwa anakaza kamba za hema. Mimi nilimfuata kwa mbali na mtoto wangu mgongoni, nikiogopa, maana nilimjua mama mkwe wangu.

"Baba, mama yako analala kwenye kiti."

"Shikamoo, mama. Ni kwa siku hizi chache tu. Mama mwenyewe amekubali."

"Ulimuuliza?"

"Nilimwambia. Hakukataa."

"Wewe tangu uzaliwe, alishawahi kukukatalia kitu?"

Niwaeli aliiacha kamba. Nilimwona ametazama gari, na kwa muda mfupi nilidhani atakwenda. Lakini yule mtu mkubwa alitokeza mlangoni na mswaki mdomoni, akauliza turubai hili ni la uzito gani, maana usiku upepo umevuma na yeye hakusikia lolote. Niwaeli akageuka kumjibu. Akamwambia Rispa kwa sauti ya chini, "Sabato ikiisha wageni wanaondoka. Chumba cha ndani ni chake, mama. Hema nililinunua kwa ajili yake."

Ni kweli, wageni waliondoka jua la Sabato lilipotua. Niwaeli alifagia chumba cha ndani kwa mkono wake mwenyewe, akatandika godoro, akatandaza blanketi jipya, akaenda garini kumwita mama yake. Tulikuwa tumekaa nje tunamenya ndizi, tukasikia yote. Nakijwa alimwambia, bila hasira hata chembe, "Baba, kesho asubuhi tunabomoa. Usinihangaishe kuamka tena. Niache hapahapa, nimeshapazoea." Niwaeli alimbembeleza. Alipoona haisaidii alirudi hemani, na usiku huo hakuna aliyelala katika chumba cha ndani. Godoro lilikaa tupu.

Mvua za vuli zilipoanza Nakijwa aliugua kifua na miguu, akapelekwa hospitali, hakurudi. Sitasema gari ndilo lililomuua. Alikuwa mzee, na wazee hufa. Wanaosema vinginevyo hawakuambiwa na daktari. Lakini kuanzia makambi yale hakutembea tena bila kushikwa, na hilo nililiona.

Sasa ya msiba. Watu walitaka kukodi maturubai, Niwaeli akakataa. Akasema hema lipo, ni la mama. Akalisimamisha uwanjani nyumbani kwao mlimani, akaondoa pazia la katikati, likawa ukumbi mzima, wakapanga viti. Kwetu maiti ikitoka hospitali huletwa kwanza nyumbani, huwekwa chini ya kivuli katikati ya watu wake, wakaimba, wakaomba, wakaagana naye, ndipo inapelekwa kaburini. Niwaeli alivikunja viti vya Noah akaenda mwenyewe kumchukua mama yake. Akiwa njiani, mvua ikashuka.

Nyinyi hamjui mvua ya mlimani. Watu wote waliokuwa uwanjani, chini ya migomba, kwenye kibaraza, walikimbilia hemani. Wazee wa kanisa wakaingia, kwaya ikaingia na kinanda chake, na wageni wa mjini walikuwa wameshakaa mbele. Sisi wanawake wa jirani tulibanwa mlangoni, mgongo ndani, tumbo nje. Hema halikutikisika. Halikuvuja.

Gari likafika, likasimama mbele ya mlango. Niwaeli akateremka, akafungua nyuma, na jeneza likaonekana. Akatutazama. Tukamtazama. Hapakuwa na mahali pa kuliweka. Mwongoza shughuli akasimama kwenye kiti, akasema ndugu waombolezaji, tuvumilie kidogo, mvua ikipungua tutatoa viti, kwa sasa marehemu atusubiri hukohuko. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ni neno la busara, nani atake kulowa? Na bwana mmoja wa mjini, amekaa mstari wa mbele, hakumjua Nakijwa wala makambi wala lolote, akapapasa ukuta akamwambia jirani yake, "Hema hili ni imara sana. Halafu ni pana."

Rispa alikuwa mbele yangu, nilikuwa nimemshika bega. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa mlangoni:

"Hema pana, mama garini."

Waliosikia wakawanong'oneza wasiosikia. Niwaeli alikuwa amesimama kwenye mvua, mkono mmoja juu ya jeneza, na nilimwona akisikia. Uso wake sitausahau. Hakulia. Aliingia hemani akaanza kutoa viti, kimoja kimoja, akiwaondoa watu waliovikalia bila kuwaomba radhi, yule mtu mkubwa wa makambini naye akiwemo, akavitupa nje kwenye matope. Hakuna aliyethubutu kumsaidia wala kumzuia. Wazee walitoka, kwaya ikatoka, tukasimama sote nje tukilowa, na Nakijwa akaingizwa katika hema lake peke yake. Alikuwa na nafasi ya kutosha pande zote.

Hema lile lipo hadi leo. Limekunjwa stoo kwa Niwaeli, na panya hawajaliweza kwa jinsi turubai lilivyo nene. Hajalisimamisha tena. Makambi anakuja na kijihema cha watu wawili, yeye na Anande, na mtu akimuuliza lile kubwa liko wapi anajibu kwamba ni la mama.

Kwa hiyo msinifundishe adabu ya mezani. Zefania alinisikia vizuri, na mliona alivyoacha kutafuna, kwa sababu na yeye alikuwepo siku ile ya mvua, amelowa kama sisi. Methali hii hakuambiwa na mtu, aliiona ikizaliwa. Na bado leo ametuonyesha vyumba vyote, vitanda vimetandikwa vinangoja watu ambao hawajulikani hata majina, na sisi tulipoaga, baba yake alitusindikiza hadi getini kisha akarudi kule stoo, kwenye magunia anakolala. Hema pana, mama garini.