Picha Iliyoziba Ufa

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ile ambayo redio ilikuwa bado inafunikwa kitambaa cha kufuma, palikuwa na usharika mmoja katika milima ya Upare. Watu wake walimcha Mungu na walipenda mnada. Kila sikukuu ya mavuno walileta sadaka madhabahuni: ndizi, maharage, kuku, asali. Ibada ikiisha, vitu hivyo viliuzwa kwa mnada nje ya kanisa. Na desturi yao ilikuwa hii: sadaka haiandikwi jina la aliyeileta. Mungu anajua kusoma pasipo maandishi, walisema.

Mwaka mmoja ikaletwa picha. Ilikuwa picha ya Mlima Mgheni, imechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya kipande cha turubai, pamoja na mashamba yake na bonde lake. Mnadishaji akaiinua. Kimya. Akaiinua tena. Kimya. Akainua jogoo mwenye jicho moja, na watu wakapandishiana bei mara saba, hata mashemeji wawili wakanuniana. Picha haikupata hata mtu wa kukohoa. Mwishowe wazee wakaipigilia misumari ofisini mwa kanisa kuziba ufa ukutani, maana upepo wa mwezi wa sita ulikuwa ukimwingia mchungaji shingoni.

Nakiete, ambaye watu walimwita Mama Eliwaza ingawa Eliwaza mwenyewe alikwisha kuzikwa akiwa mtoto, alikuwa amesimama pale na kikapu kitupu. Alimtazama yule jogoo akiondoka kwa heshima zake. Mumewe Sefania, fundi wa kupaka rangi milango na majeneza, akamgusa mkono.

"Imenunuliwa?" akauliza, maana wakati ule macho yake yalikuwa yamekwisha kupofuka.

"Imepokelewa," Nakiete akajibu.

"Basi usimwambie mtu kwamba ni yetu. Tumempa Mungu."

Nakiete akaahidi. Mwaka uliofuata Sefania akafa, na ahadi ikabaki kwa mjane. Akaitunza miaka kumi na mmoja.

Ndipo akaja mtaalamu wa picha kutoka mjini. Alikuja kwa shughuli nyingine, akakalishwa ofisini kumsubiri mchungaji. Alipoinua macho akaona picha, naye akasimama kama aliyekalia siafu.

"Nani kachora hii?"

Waliokuwapo ofisini hawakujua. Mtaalamu akaandika kurasa mbili. Akasema anga lile ni kazi ya mtu aliyesomea Ulaya, hapana shaka. Akasema yule mbuzi mweupe mdogo chini ya mlima ni upweke wa mwanadamu.

"Kweli, upweke," watu wakaitikia. Wiki moja nyuma walikuwa wakitundika makoti ya mvua juu ya upweke huo huo.

Usharika ulikuwa umejenga ukumbi mpya. Wazee wakakata shauri: picha ihamishiwe humo, na ukumbi uitwe kwa jina la mchoraji. Kibao kikachongwa chenye nafasi ya jina moja. Jumapili baada ya ibada, Mzee Ezrom, kiongozi wa wazee wa kanisa, akaiweka picha mezani.

"Mwenye neno aseme."

Akasimama Mwalimu Kangero, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye hata shikamoo aliipokea kwa hotuba.

"Ndugu zangu, rangi hizi zilikuwa zangu. Niliachiwa na mwalimu mgeni alipokuwa akirudi kwao. Milima yote hii hapakuwa na rangi kama hizo. Nikampa Sefania, nikamwambia: chora mlima. Wazo langu, rangi zangu. Pasipo rangi kuna picha?"

"Hakuna," watu wakaitikia.

Nakiete akatulia kwenye benchi. Alijua kwamba maneno yale ni ya kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Kangero angekuwa mwongo, Nakiete angemwachia Mungu.

Akasimama Senzighe, mpiga kengele wa kanisa.

"Mimi sikutaka kusema. Lakini mwaka ule wa mvua kubwa bati lilivuja, sehemu ya juu ya picha ikabambuka yote. Nikachukua rangi iliyobaki tulipopaka madirisha, nikaichanganya na mafuta ya taa, nikapaka upya. Anga lote hilo ni mimi."

"Ulisomea Ulaya, Senzighe?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Nilisomea darasa la nne, hapo bondeni."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mtaalamu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Lakini anga lilikuwa pale mezani, na lilikuwa zuri.

"Basi," Mzee Ezrom akasema, "kama hakuna mwingine, tuandike Ukumbi wa Kangero."

Nakiete akamwomba Mungu msamaha kimoyomoyo, akasimama.

"Sefania ndiye aliyechora. Mkono ni wake."

"Mama Eliwaza," Mwalimu akasema kwa upole, "kwani mimi nimekataa? Lakini sadaka yake ilikuwa ya siri. Ukiitangaza, si unampunguzia marehemu thawabu yake mbinguni?"

"Na wewe ukiandikwa hapo, Mwalimu, yako unaichukulia wapi?"

Benchi la akina mama likaguna kwa furaha. Mzee Ezrom akagonga meza.

"Mama, mumeo alikuwa kipofu. Kipofu alichoraje mlima?"

"Nilikuwa nikikaa naye mlangoni kila asubuhi. Namwambia: hapa kijani kinaingia weusi, hapa ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Yeye anachanganya rangi kwa kunusa na kwa kidole, anapaka. Akikosea namwambia, anafuta."

"Kumbe uliyeuona mlima ni wewe!" Mzee Ezrom akasema.

"Niliuona. Lakini mimi hata mstari sijui kuchora."

"Na huyu mbuzi?" mtaalamu akauliza, sauti yake sasa ndogo.

Nakiete akaitazama picha. Ilikuwa muda mrefu hajaitazama kwa karibu.

"Si mbuzi, mwanangu. Ni msalaba wa kaburi la Eliwaza. Tuliupaka chokaa. Sefania aliniuliza, niuweke wapi? Nikamshika kidole, tukauweka pamoja."

Watu wakasogea mezani kuutazama msalaba ule. Kisha kelele zikaanza. Wako waliosema rangi, wako waliosema mkono, wako waliosema macho. Wajanja wakasema anga, kwa kuwa ndilo lililosifiwa. Mzee mmoja akasema kibao kibaki kitupu kama alivyotaka marehemu. Nakiete akamjibu, "Wewe jina lako lipo kwenye jiwe la msingi." Naye akakaa.

Mpaka jioni hawakukata shauri.

Haya, ninyi mliosikia. Rangi ni za Kangero, mkono ni wa Sefania, macho ni ya Nakiete, anga ni la Senzighe, na kibao kinabeba jina moja. Msijibu upesi, maana nawajua: siku ile ya mnada nanyi mngemgombea jogoo. Je, ni nani aliyeichora picha ile?