Baiskeli Tatu za Mwadime

Mwadime, muuza baiskeli za injini, alimwambia Wakesho mjane, "Sikodishi. Nunua moja, au niuzie mimi hayo maharage kwa bei yangu." Lori la wanunuzi wa maharage lilikuwa juu ya kilima, lingeondoka adhuhuri. Wakesho alikuwa na magunia matatu na mgongo mbovu.

"Basi nitanunua, mzee. Nichague ipi? Ambayo injini inavuta kwa mnyororo, kwa mkanda, au hii ya roda, kigurudumu kinachosugua tairi?"

"Ya mnyororo! Haishindwi na kilima."

"Bila mzigo, hata mimi sishindwi."

Mwadime akafunga gunia nyuma.

"Ukifika liache huko, ushuke salama," Wakesho akamwambia.

Mwadime akapanda kilima, akarudi akicheka. "Umeamini?"

"Nimeamini. Ila mkanda hauna kelele. Tatizo lake ni kuteleza tu kilimani."

"Uteleze wapi!" Akapanda na gunia la pili kwa ile ya mkanda, akarudi.

"Na roda? Watu wanaicheka."

"Watu gani hao?" Akapanda na la tatu, Wakesho akimfuata kwa miguu.

Alimkuta kando ya lori akijifuta jasho. "Haya, mama, unachukua ipi?"

"Zote zinapanda vizuri, mzee," alisema Wakesho, akiwaonyesha wapimaji wa lori magunia yake. "Lakini sasa nipandishe nini?"