Kiti cha Mzee Timandro

Hapo zamani, huko kwa Wayunani, mzee Timandro aliandika kitabu cha mashairi, akasema: "Kilichopo kipo. Hakikuzaliwa, hakitakufa. Kisichopo hakipo, wala usikitaje." Kisha akafa. Ndiyo, akafa; mnacheka nini?

Karne zikapita, kitabu kikawa adimu. Akatokea mwalimu Nikanori, ulimi wake wembe. Kila siku sokoni alitaja ubeti wa mzee ili auchane. "Ati hakuna kinachozaliwa! Kwani mama yake alijifungua gogo?" Watu wakacheka mpaka mbavu zikawauma, wakaondoka na beti midomoni.

Mwalimu Teodota maneno hayo yakamwuma. Akaandika ufafanuzi: "Mzee hakusema habari za kuku na mbuzi. Alisema habari za Yule Mmoja asiyeharibika." Waliokuwa wakicheka wakaanza kumheshimu mzee. Kama kweli ndivyo alivyokusudia, Mungu ndiye ajuaye.

Msomi mmoja, Eufemio, akausikia ubishi wao, akauliza, "Kitabu chenyewe mmekiona?" Akakisaka mpaka akakipata kwa mjane mmoja, akanakili neno kwa neno. Ufafanuzi wake mwenyewe hakuweka hata chembe. Na bahati yake, maana baadaye kile cha mjane kililiwa na panya chote.

Sasa, ukoo wa Timandro ulibakiwa na bibi mmoja tu, Kleoniki, mgonjwa wa kufa. Kwake ndiko kilikokuwa kiti cha mzee. Atakayekikalia ndiye atakayewafundisha watoto wa mji mzee alisema nini, na hapana wa kumpinga. Akawaita wote watatu ili amchague mmoja.

"Bila mimi angesahauliwa," akasema Nikanori. "Nani mwingine alikuwa akimtaja?"

"Ulimtaja kama mwizi anavyotajwa!" Teodota akafoka. "Bibi, mimi nilimrudishia heshima."

Eufemio akamwekea nakala mapajani. "Haya ndiyo maneno yake. Soma."

Kleoniki akasoma. Hakuelewa kitu, akalia kwa uchungu. "Eufemio, umeniletea sauti ya babu, nami siifahamu. Teodota, maana yako naifahamu, ila sijui kama ni ya babu au yako. Nawe Nikanori, nakuchukia. Lakini usingemtukana, Teodota asingemtetea. Na Teodota asingemtetea, Eufemio asingekisaka kitabu."

Akainua mkono amwonyeshe mmoja. Mkono ukaanguka, roho ikatoka.

Kesho watoto wanakuja darasani, na kiti ni kimoja. Haya, nyinyi mliokuwa mkicheka: nani alistahili kukikalia?