Kuchelewa kwa Semhando

Semhando alifukuzwa kwenye kiwanda cha kamba za mkonge kwa utoro na uchelewaji. Alipoomba fao la kukosa ajira, mwenye kiwanda, Bwana Shekalaghe, alifunga safari mwenyewe hadi ofisi ya mafao kumzibia riziki.

"Huyu kachelewa siku thelathini na kukosekana kazini siku kumi," alimwambia ofisa, Bi Mwajabu. "Asipewe hata senti."

"Kwa makosa hayo hapewi," alisema Bi Mwajabu. "Semhando, una la kusema?"

"Shikamoo bosi. Nina swali tu. Pale kwako, mchelewaji ni nani?"

"Anayeingia baada ya kengele! Saa za watu zinadanganya, mimi natambua kengele tu."

"Na siku kengele isipolia?"

"Siku hiyo hakuna kazi, na simlipi mtu. Nimeandika getini kwa rangi nyekundu!"

"Dada, naomba uyaandike hayo."

Bi Mwajabu akaandika, na tajiri akatia sahihi kwa mbwembwe.

"Sasa muulize," alisema Semhando, "mpiga kengele wa kiwanda alikuwa nani."

Bwana Shekalaghe akatoa leso na kujifuta jasho.

"Alikuwa huyuhuyu," alisema kwa sauti ndogo.

Bi Mwajabu akagonga muhuri huku akijizuia kucheka. "Semhando, fao lako ulifuate Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Usichelewe."

Semhando akakuna kichwa.

"Samahani dada, hapa kwenu mna kengele?"